Skana, PeakFinder na Google Earth Pro: kipi kinakufikisha mahali picha ya babu ilipopigwa, Mbeya na Iringa

Mwenye picha ya zamani ya familia iliyopigwa Mbeya ana bahati ambayo mtu wa Dar es Salaam hana: nyuma ya wale watu waliosimama wima wakikodoa macho kuna mlima. Nyumba imebomolewa, mti umekatwa, barabara imehamishwa, lakini mgongo wa Loleza uko vilevile. Ndiyo maana vifaa na huduma zote hapa zimepimwa kwa kigezo kimoja tu: je, zinautunza mstari wa milima, na zinakusaidia kuusoma hadi usimame aliposimama mwenye kamera? Kufuta mikwaruzo na kupaka rangi ni kazi ya baadaye. Programu za akili mnemba zinazong'arisha picha ziache kabisa katika hatua hii. Pale ambapo picha imefifia zinabuni, na kitu cha kwanza kubuniwa huwa ni ukingo wa mlima na maandishi ya vibao, yaani vile vitu viwili unavyovitegemea.

Kuskani

Steshenari nyingi za mjini zina mashine ya kazi tatu: kuprinti, kutoa kopi na kuskani. Mashine zenyewe si mbaya. Tatizo ni kwamba zimepangwa kwa ajili ya vyeti na barua, kwa hiyo picha inatoka kama PDF ya dpi 200 (nukta 200 kwa kila inchi), weusi umekuwa tii, anga imekuwa nyeupe pe, na mlima wa mbali umemezwa na anga. Kabla kijana wa mashine hajafunika mfuniko, mwambie: aina iwe picha, si waraka, rangi, hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, dpi 600, JPEG ya ubora wa juu kabisa au TIFF, na marekebisho yote ya kujiendesha yazimwe. Kwenye rangi usikubali kushawishiwa. Doa la chai ni la kahawia na mlima ni wa kijivu. Ukiskani kwa kijivu vinachanganyika na huwezi tena kuvitenganisha.

Kwa nini 600? Picha ya mraba ya sentimita 9 kwa 9, zile zilizojaa kwenye albamu za miaka ya 1970, kwa dpi 600 inakupa takriban nukta 2,100 kila upande. Hapo mnara ulioko kileleni unaonekana kama mnara, si kama unywele. Kupanda hadi 1,200 kwa picha iliyokuzwa kutoka kwenye negativu kunakuza chembe za karatasi tu. Isipokuwa zile picha ndogo za kingo nyeupe zilizochapwa kwa kulaza negativu moja kwa moja juu ya karatasi, ambapo ukubwa wa picha ni ule ule wa negativu. Hizo zimebeba mengi kuliko zinavyoonekana, na 1,200 inazistahili.

Kitu kingine cha kuangalia ni aina ya jicho la mashine. Skana nyembamba na mashine nyingi za kazi tatu zinatumia kihisi cha CIS, ambacho kinaona vizuri kile tu kilichogusa kioo. Picha iliyojikunja, au iliyonasa kwenye fremu na haitoki, inatoka na ukungu pale ilipoinuka. Skana nene za CCD zinavumilia nafasi ya milimita chache. Kwa hiyo picha iliyopinda ipeleke studio yenye skana nene, au ilaze siku kadhaa chini ya vitabu vizito, ikiwa katikati ya karatasi safi. Picha iliyogandia kwenye albamu ya gundi usiing'oe kwa kucha. Skani ukurasa mzima, nailoni yake ikiwa imeinuliwa, halafu ikate kwenye kompyuta.

Ukibahatika kukuta negativu, achana na karatasi. Negativu ya sentimita 6 kwa 6 kwa dpi 2,400 inatoa zaidi ya nukta 5,000 kila upande, na mara nyingi mpiga picha wa studio alikata kingo alipochapa, kwa hiyo negativu ina kipande cha mlima ambacho familia haijawahi kukiona. Lakini skana lazima iwe na taa kwenye mfuniko. Duka likikwambia wataiweka tu juu ya kioo cha kawaida na itatoka, shukuru na uondoke na mkanda wako.

Simu je? PhotoScan ya Google inapiga picha moja, kisha inakutaka uipeleke simu kwenye vidoti vinne ili ifute mng'ao. Kwa picha iliyolaminetiwa au iliyo nyuma ya kioo cha ukutani kwa shangazi ambaye hataki itolewe, hakuna chombo cha haraka zaidi. Kwa kushirikisha ukoo inatosha na kubaki. Kwa kutafuta mahali ni ya akiba, kwa sababu kuunganisha picha kadhaa kunalainisha vitu vidogo vya mbali. Ukiitumia, piga pia picha moja ya kawaida ya sehemu ya mlima peke yake, kwa karibu, kando ya dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja.

Na ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha, ile kazi yote ya dpi 600 inabanwa njiani.

Kuisoma picha kabla ya kupanda bajaji

Picha za mraba nyingi zilipigwa kwa kamera ambazo mpiga picha anachungulia kwa juu, akiwa ameishika tumboni au kifuani. Jicho la picha liko kama mita moja na kidogo kutoka ardhini. Ukisimama na simu usawa wa uso utashangaa kwa nini ukuta wa mbele unaficha mlima kidogo kuliko kwenye picha. Kuna njia ya kupima: kwenye ardhi tambarare, mstari wa usawa wa kamera unakata watu wote waliosimama kwa urefu ule ule, wa mbele na wa nyuma. Ukipita viunoni, kamera ilikuwa kiunoni.

Hakikisha pia picha haijageuzwa. Negativu ikiwekwa kinyume wakati wa kuchapa, kushoto kunakuwa kulia, na utazunguka Mbeya nzima bila kuuona mlima wako. Tazama vifungo vya shati la mwanaume, ambavyo kwa kawaida hushonwa upande wa kulia wa anayelivaa, na maandishi yoyote, hata ya kwenye gunia.

Kivuli kinasema msimu. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini ya ikweta. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari jua la mchana kati hupita upande wa kusini na kivuli kinaangukia kaskazini; miezi mingine ni kinyume chake. Sasa Loleza iko kaskazini ya mji. Kwa hiyo picha ya watu wenye Loleza nyuma yao, ikiwa kivuli kifupi kinawaendea mgongoni kuelekea mlimani, ni ya kipindi cha Oktoba hadi Februari. Kikimjia mpiga picha, na nyuso zimefifia, ni ya katikati ya mwaka. Mchana kati wa jua hapa si saa 6 kamili. Mbeya iko magharibi sana ya mstari unaopangia saa zetu, hivyo jua hufika juu kabisa kati ya saa 6:30 na saa 7:00 mchana, kutegemea mwezi. Asiyejua hili husoma kivuli vibaya kwa karibu saa nzima.

Vitu vya kwenye picha vinasaidia mwaka. Stesheni ya TAZARA haiwezi kuwemo kabla ya reli, iliyojengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa 1976. Ndege yenye maandishi ya East African Airways ni ya 1977 au kabla, shirika lilipovunjika, na kama inaonekana imetua Mbeya basi ni uwanja wa zamani wa mjini, maana Songwe ulianza kupokea ndege Desemba 2012. Soko la Mwanjelwa la kwenye picha za zamani ndilo lililoungua 2006. Lililopo halitakusaidia kupanga chochote, tafuta mlima. Maandishi ya nyuma ya picha yaamini nusu: "Njombe, Mkoa wa Iringa" yaliandikwa kabla ya 2012, lakini mwandiko unaweza kuwa wa miaka mingi baada ya picha. Kwenye picha za kimisioni, "Neu Langenburg" ni Tukuyu ya wakati wa Wajerumani.

PeakFinder: kwa Mbeya, Tukuyu na Matema

Hii ni programu inayochora mstari wa milima kutoka mahali popote unapopachagua, bila intaneti ukishaipakua. Ya kwenye simu inalipiwa mara moja; ya kwenye tovuti ni bure na kwa kuanzia inatosha. Ile ya simu inakuruhusu kuleta picha kutoka kwenye galari na kuulaza mchoro juu yake, na hapo ndipo fedha yako inaporudi. Inaonyesha pia njia ya jua, kwa hiyo unaweza kuhakiki ile hesabu ya kivuli.

Siri ya Mbeya ni pengo kati ya vilele viwili. Kilele cha Mbeya, chenye zaidi ya mita 2,800, kiko kaskazini-magharibi na mbali kidogo. Loleza, mita 2,656, iko karibu juu ya mji. Ukiwa katikati ya mji, pengo kati yao ni pana kiasi kwamba havitoshi kwenye picha moja ya kamera ya kawaida. Kadiri unavyoelekea mashariki, Mwanjelwa kisha Uyole, pengo linajibana hadi vilele vinakaribia kupangana, Loleza ikiwa kulia. Kwa hiyo kama picha ya babu inaonyesha vyote viwili vikiwa karibu, usipoteze mafuta Uhindini au Sisimba. Anza upande wa Uyole, sogeza nukta kwenye ramani ya programu mita 500 kila mara, linganisha pengo, kisha mita 100. Ndani ya robo saa umebakiza mtaa mmoja au miwili, na hujatoka sebuleni.

Kwa Tukuyu, Rungwe na mita zake 2,960 inafanya kazi hiyo hiyo, ingawa ni mlima mmoja mnene na umbo lake halibadiliki upesi ukisogea. Hapo tegemea vilima vidogo vya pembeni. Migomba ndiyo adui: inaziba kila kitu cha chini. Matema ni rahisi mno kwa sababu ya ukuta wa milima ya Livingstone, lakini usiuamini ufuko wenyewe. Maji ya Ziwa Nyasa yalipanda sana kufikia 1980 na yakashuka sana miaka ya 1990. Pale bibi aliposimama kwenye mchanga mkavu, wewe unaweza kuhitaji kukunja suruali.

Udhaifu: majina. Vilima vingi vya huku havijaandikwa, na mzee wa kijiji ana majina mengi kuliko programu.

Google Earth Pro

Hii ni programu ya ramani ya dunia yenye picha za setilaiti na miinuko. Ni ya bure tangu 2015, inataka kompyuta, na intaneti ya kutosha. Inafaa pale unapotaka kuona barabara na mgongo wa mlima kwa pamoja. Utaratibu: inamisha mtazamo hadi ushuke usawa wa ardhi, kwenye mipangilio hakikisha ukuzaji wa miinuko uko kwenye 1, maana ukiwa 2 au 3 Loleza inakuwa Kilimanjaro, kisha ongeza picha yako kama picha ya kupachika, ipe pembe ya kuona na punguza uzito wake ili uone mlima nyuma yake. Pembe hiyo ndiyo inayowasumbua watu. Kamera ya milimita 35 yenye lenzi ya 50 inaona upana wa nyuzi 40 hivi. Kamera ya mraba yenye lenzi ya 80 karibu nyuzi 39. Kwa hiyo anza na 40 kwa picha nyingi za familia, na 44 kwa zile ndefu za 6 kwa 9.

Picha za setilaiti za miaka ya nyuma zipo, lakini za miaka ya 1980 na 1990 ni hafifu mno kuonyesha nyumba. Zitumie kuona mto ulipita wapi na mashamba yaliishia wapi, basi.

Iringa: programu zinakaa pembeni

Ramani za miinuko zinazotumiwa na programu hizi zinapima ardhi kwa vipande vya takriban mita 30. Mlima unaonekana, jiwe halionekani. Na Iringa ni mji wa mawe. Gangilonga yenyewe, lile jiwe kubwa la mjini, kwenye skrini ni kivimbe tu. Lakini hicho kinachoishinda programu ndicho kinachokusaidia miguuni: jiwe la matale halihami wala halikui, na nyufa zake ni saini. Kuza kwenye picha yako ufa mmoja mrefu na doa moja jeusi la maji, printi kwenye A4, na utembee nayo. Ukiona ufa unapanda kwa mwelekeo ule ule kutoka kushoto, umeshafika upande sahihi wa jiwe.

Kwa picha za mjini, boma la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ni alama nzuri kwa sababu kuta zake nene na matao hayajabadilika. Kwa picha zinazotazama chini kuelekea Ipogoro na Ruaha Mdogo, panda kwenye ukingo wa mji na ufuate kona za barabara inayoshuka bondeni. Misheni ya Tosamaganga hutambulika kwa mapaa ya vigae. Kalenga, ambako fuvu la Mkwawa lilirudishwa 1954, hupatikana kwenye albamu nyingi za safari za shule. Hapo uliza mlinzi wa makumbusho kwanza.

Huku huduma bora kuliko zote ni wazee, na inahitaji adabu zake. Piga hodi kwa mwenyekiti wa mtaa, eleza shida yako, yeye atakupeleka. "Shikamoo mzee," na ukiweza "kamwene" kwa Mhehe au "ugonile" ukiwa Unyakyusani, mlango unafunguka zaidi. Mpe picha ya karatasi ya A4, si simu. Macho ya miaka 80 hayapendi kioo kinachong'aa. Na usimuulize, "Mzee, hapa si ndiyo pale kwa fulani?" Atakukubalia kwa heshima tu. Muulize, "Hapa palikuwa na nini?" kisha unyamaze.

Ukishafika: miguu kwanza, zuumu baadaye

Weka simu kwenye 2x. Lenzi kuu za simu zinaona upana wa nyuzi 70 hivi. Kwenye 2x zinakaribia zile 40 za kamera ya babu.

Chagua vitu viwili vinavyoonekana kwenye picha na mbele yako: kimoja cha karibu, kama kona ya ukuta au jiwe, na kimoja cha mbali, kama kilele. Ikiwa cha karibu kimezidi kushoto kuliko kwenye picha, sogea kushoto. Kikizidi kulia, sogea kulia. Wengi hufanya kinyume na kuzidi kupotea. Kikionekana kikubwa mno ukikilinganisha na mlima, umekaribia, rudi nyuma. Kikiwa kidogo mno, songa mbele. Zuumu haibadilishi uwiano huo, inakata tu kingo. Kikificha mlima kupita kiasi wakati uwiano uko sawa, uko chini: inuka, tafuta kizingiti au ndoo. Rudia kwa jozi ya pili ya vitu upande mwingine wa picha. Jozi moja inakupa mstari. Mbili zinakupa nukta.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni mikaratusi na misindano iliyopandwa baadaye. Ikiziba, rudi au songa kwenye mstari ule ule unaoelekea mlimani hadi upate mwanya, na uandike umesogea kiasi gani. Droni si njia ya mkato: inataka usajili wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kibali cha upande wa ulinzi. Stesheni, madaraja, na maeneo ya jeshi, polisi na magereza, Kijungu cha mto Kiwira kikiwemo, omba ruhusa getini kabla simu haijatoka mfukoni.

Juni na Julai ndiyo miezi ya kwenda: baridi kali, lakini hewa safi na mgongo wa mlima umechongeka. Septemba na Oktoba moshi wa kuchoma mashamba hufuta milima ya mbali, na masika mawingu hukaa juu ya Loleza hata siku nzima. Kama picha yako ni ya Desemba na unataka kivuli kile kile, vumilia mvua, amka mapema. Bajaji ikodi kwa siku na mkubaliane wazi kwamba kusubiri kumo ndani ya bei. Dereva aliyelipwa kwa safari atakuharakisha pale unapohitaji dakika 20 za kusogea hatua mbili mbili.

GPS ya simu kwenye uwanja wazi hukosea mita chache, chini ya miti zaidi. Pamoja na namba zake, pima kwa futi ya fundi umbali hadi vitu viwili visivyohama, kona ya jiwe na msingi wa jengo, na uandike nyuma ya printi kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida hupenya na kuchafua picha iliyolazwa juu yake.